Negatifu hii si ile ya sida: sindano ya mama mwenye rezusi negatifu

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kadutu alikuja labo na mama mkwe wake, mimba ya miezi sita na kidogo, fishi ya CPN, kliniki ya wenye mimba, imekunjwa mara nne ndani ya kitenge. Nikaifungua pole pole ju ilishaanza kupasuka kwenye mikunjo. Pale kwenye grupu ya damu mtu aliandika O Rh halafu kamstari, kafupi hivi, kama biki ilikuwa inaishiwa wino. Nikamuuliza, mama, hapa banakuambiaka ni nini? "Banasema grupu yangu ni O." Na hii nyuma? Akaiangalia karibu. "Hiyo si biki njo ilikwaruza?" Mama mkwe akadakia: "Dokta, baliandika byote negatifu, tukashukuru Mungu."

Mimi si dokta, ni mtu wa labo tu, lakini hapa Bukavu kila mwenye bluzi nyeupe ni dokta, nimeacha kubishana.

Shida yetu inaanzia kwenye hilo neno. Negatifu tumelijua kwenye kipimo cha sida, yani ukimwi, ukiambiwa negatifu unatoka unacheka, unanunua fanta njiani. Malaria negatifu, unarudi nyumbani. Sasa rezusi negatifu haiingii kwenye mstari huo, si habari njema wala si mbaya, si ugonjwa, haiumi kichwa, unaweza kufika miaka 90 bila kujua unayo. Inakuwa mambo siku utakapobeba mimba ya mtoto ambaye yeye ni pozitifu, na hata siku hiyo hutasikia chochote.

Nianze na kile ninachofanya mwenyewe kila asubuhi. Tunachukua kibao cheupe, tunadondosha damu yako sehemu kadhaa, kila tone linapata dawa yake: anti-A ina rangi ya bluu, anti-B ya njano, anti-D haina rangi, iko kama maji. Unachanganya na kijiti, unakitikisa kibao mkononi kama dakika mbili. Mahali damu inakatika-katika kama maziwa yaliyochacha, jibu ni ndiyo. Mahali inabaki laini kama rangi ya kupaka mlango, jibu ni hapana. Kwenye tone la anti-D, ikikatika wewe ni pozitifu, ikibaki laini ni negatifu. Hiyo D ni protini inayokaa juu ya chembe nyekundu za damu, watu wengi wanayo, wachache hawana, basi.

Jina la rezusi lilitoka kwa nyani wa aina hiyo ambao Karl Landsteiner na Alexander Wiener walitumia damu yao kwenye utafiti wa mwaka 1940. Hakuna mtu mwenye damu ya nyani, nasema mapema ju swali hilo huwa linakuja, tena linakuja kwa sauti ya chini.

Ulaya watu negatifu ni kama 15 kwa kila 100. Afrika yetu mara nyingi hawafiki hata 10. Na kuna jambo mimi napenda sana hapa: Wazungu wengi walio negatifu ile jeni ya D hawana kabisa, imefutika yote, lakini Waafrika wengi walio negatifu jeni wanayo, ila imeharibika, haitoi kitu, kama redio yenye betri mpya lakini waya umekatika ndani. Kwenye kibao huoni tofauti, tone linabaki laini tu. Lakini huu uchache unatuponza. Kwenye benchi ya CPN asubuhi unaweza kukuta kinamama ishirini na negatifu ni mmoja, kesho yake hayupo hata mmoja, kwa hiyo muganga mwenyewe anasahau kuuliza, na famasi haiweki dawa ambayo itauzika mara moja kwa miezi.

Sasa mama ni negatifu, baba ni pozitifu. Mtoto anaweza kuchukua D ya baba. Ndani ya tumbo damu ya mama na ya mtoto kwa kawaida hazichanganyiki, plasenta iko katikati kama mpaka wetu na Rwanda pale Ruzizi ya kwanza, chakula kinavuka, hewa inavuka, uchafu unarudi ng'ambo, lakini kila damu inalala kwao. Siku ya kuzaa plasenta inabanduka na hapo matone ya damu ya mtoto yanaponyoka, yanaingia kwa mama. Hayahitaji kuwa mengi, chini ya kijiko cha chai yanatosha. Mwili wa mama unakutana na chembe zenye D, kitu haujawahi kuona tangu uzaliwe, unaanza kutengeneza askari wa kupigana nazo. Kazi hiyo inachukua wiki nyingi, na wakati huo mtoto yuko mgongoni, ananyonya, ananenepa, majirani wanasifu. Tena askari wa kwanza huwa wakubwa wa umbo, hawapenyi plasenta. Njo maana mtoto wa kwanza karibu kila mara anasalimika, na njo maana tunadanganyika.

Ju mwili hausahau. Ikija mimba ya pili na mtoto tena ni pozitifu, wale askari wanaamka haraka, na safari hii ni wadogo, na plasenta yenyewe ndiyo inawavusha, kazi yake si kumpelekea mtoto kinga za mama? Haijui kubagua kinga ya surua na askari anayekuja kubomoa. Wanafika kwa mtoto wanaanza kuvunja chembe zake nyekundu. Wakiwa wachache mtoto anazaliwa vizuri halafu anakuwa manjano siku ile ile ya kwanza. Hapo shika vizuri: manjano ya kawaida ya watoto wachanga huwa inajitokeza siku ya pili au ya tatu, ile ya ndani ya masaa 24 ni ya kukimbia nayo hospitali, si ya kumuanika mtoto juani mbele ya mlango. Manjano ikipanda sana inaingia kwenye ubongo, mtoto anabaki kiziwi au shingo haishiki maisha yake yote. Na askari wakiwa wengi mtoto anaishiwa damu angali tumboni, moyo unachoka, mwili mzima unajaa maji, anafia humo humo.

Na mara nyingi mimba inayofuata inakuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Fikiria sasa nyumba ambayo mtoto mkubwa ni mzima, anaenda masomo, halafu wa pili alikufa siku ya tatu, wa tatu alitoka amekufa, wa nne vile vile. Wakwe watasema nini? Hadithi hii nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyotaka, mara mama amerogwa, mara mama mwenyewe ndiye anakula watoto, mara "damu yao haipatane, bamuache". Mwanamke anarudishwa kwao juu ya kitu ambacho tone moja kwenye kibao na sindano moja vingezuia.

Hiyo sindano yenyewe ni kitu cha ajabu ukiifikiria. Ndani yake kuna askari wale wale, wale wa kupigana na D, ila si wa mama, ni wa kuazima. Ukimchoma mama mapema, wale wa kuazima wanashika chembe za mtoto zilizoponyoka na kuziondoa kabla mwili wa mama haujashtuka. Ni kama kuokota punje za sukari chini kabla siafu hawajaziona, wakishazinusa na kupanga mstari utafagia mpaka uchoke. Baada ya miezi mitatu hivi askari wa kuazima wanakuwa wamekwisha wenyewe, na mama hakujifunza chochote. Kwa hiyo si chanjo, chanjo inafundisha mwili, hii inauzuia kujifunza. Na ndiyo sababu inarudiwa kila mimba, ile ya mtoto wa kwanza haimkingi wa pili.

Wazo hili lilitoka miaka ya 1960 sehemu mbili kwa wakati karibu mmoja, Liverpool kule Uingereza kwa kina Ronald Finn na Cyril Clarke, na New York kwa kina Vincent Freda, John Gorman na William Pollack. Wale wa New York walijaribia kwa wafungwa wanaume wa gereza la Sing Sing waliojitolea, walio negatifu, wakachomwa damu pozitifu, wengine na dawa wengine bila dawa, na waliopata dawa hawakutengeneza askari. Mwaka 1968 Marekani ikairuhusu itumike. Sasa hao askari wa kuazima wanatoka wapi? Si rahisi kuwapika kiwandani kama parasetamoli, mpaka leo wengi wanachotwa kwenye plazma ya watu wenye askari hao mwilini wanaokubali kutoa. Australia kulikuwa na mzee James Harrison, alifariki 2025 akiwa na miaka 88, alitoa mara 1,173 mpaka walipomsimamisha mwaka 2018 kwa ajili ya umri. Eti sindano haikuizoea hata siku moja, alikuwa anageuza uso pembeni. Mimi nikisikia kinamama wanalia juu ya bei nakumbuka mzee huyu, ingawa najua haipunguzi hata franga moja.

Tuje kwenye lini, ju hapa ndipo watu wanachanganya.

Wakati wa kwanza ni mimba ikifika wiki 28, mwanzo wa mwezi wa saba. Mikrogramu 300 kwa mara moja, kwenye mkono au paja, hiyo ndiyo dozi inayotumika nchi nyingi. Kuna wanaogawanya mara mbili, wiki ya 28 na ya 34. Hii ni ya zile damu zinazoponyoka kimya kimya miezi ya mwisho.

Wakati wa pili ni baada ya kuzaa, ndani ya masaa 72, kama mtoto ametoka pozitifu. Hii ndiyo usiikose hata kama ile ya kwanza ilikushinda. Bila sindano yoyote, kati ya kinamama 100 negatifu waliozaa mtoto pozitifu ambaye grupu yake nyingine, ile ya A, B na O, haigombani na ya mama, kama 16 wanatengeneza askari. Ukichoma baada ya kuzaa tu wanabaki mmoja au wawili. Ukiongeza ile ya wiki 28 unakuta hata mmoja hafiki. Na hiyo 72 haikushuka na Musa mlimani, ilitokana na vile majaribio ya mwanzo yalivyopangwa, kwa hiyo ukichelewa usikae nyumbani useme basi, mpaka siku ya kumi na hata zaidi bado inaweza kusaidia, ila kila siku inayopita nguvu inapungua.

Wakati wa tatu ndio haupendi kuongelewa. Mimba iliyoharibika, mimba iliyotolewa, mimba iliyokaa nje ya kizazi, damu kutoka katikati ya mimba, kuanguka na tumbo, pikipiki kuangusha mama mwenye mimba kwenye mteremko, dokta kugeuza mtoto aliyekaa vibaya. Kote huko damu inaweza kuvuka. Kwa mimba iliyotolewa kabla ya wiki 12 Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba sindano haihitajiki, kuna madaktari bado wanaitoa, sitaingia kwenye ugomvi wao, lakini kuanzia wiki 12 hapo unachoma. Na msichana negatifu aliyewahi kuongezewa damu pozitifu kwa haraka, labda ajali, labda malaria ya utotoni, anaweza kuja kwenye mimba ya kwanza tayari ana askari. Njo maana kwenye labo hatuulizi "hii ni mimba ya ngapi" mbele ya watu. Utadanganywa, na una haki ya kudanganywa.

Nani haihitaji? Mama pozitifu, hata bwana akiwa negatifu, hakuna kitu hapo, mlale. Mama negatifu na bwana negatifu kweli kweli, mtoto atatoka negatifu, ila hapo "kweli kweli" ina uzito wake na nitaishia hapo. Mama aliyezaa mtoto negatifu, ile ya baada ya kuzaa haina kazi. Na mama ambaye tayari ana askari wake mwenyewe, huyu sindano haimsaidii tena, siafu wameshapanga mstari. Kujua hilo kuna kipimo kinaitwa Coombs ya kuzunguka, tunatafuta askari kwenye damu ya mama, na inabidi kifanyike kabla ya kuchoma, ju ukishachoma kitaonyesha wale wa kuazima halafu mtachanganyikiwa wote.

Jambo lingine, msichanganye rezusi na siklemi, ugonjwa wa selimundu. Wachumba wanakuja kupima kabla ya ndoa, wakisikia AS na AS, yani kila mmoja amebeba jeni moja ya siklemi, wanaambiwa wafikirie vizuri, na hiyo ni kweli, watoto wanaweza kutoka SS, yani wagonjwa, na dawa ya kuzuia hakuna. Halafu mwingine akisikia yeye ni pozitifu na mchumba wake negatifu anadhani ni kesi ile ile, anavunja uchumba. Nimeona mahari ikirudishwa juu ya kamstari! Rezusi ina sindano, jamani, oaneni.

Lakini kuipata sindano hapa kwetu, hiyo ni makala nyingine. Bei yake inasemwa kwa dola, na kwa mama anayeuza ndizi Nyawera ni pesa ya miezi. Sentre ndogo haina, famasi kubwa leo inayo kesho haina, wengi wanavuka kuitafuta Kamembe, Rwanda. Na inataka baridi ya kati ya digri 2 na 8, isipite hapo na isigande, sasa wewe unajua umeme wetu. Frigo ya famasi imezimika usiku mzima, asubuhi umeme umerudi, chupa inagusika baridi, nani atajua? Kuna bwana aliniletea chupa amefurahi kweli, ameitoa ng'ambo ameilaza juu ya barafu kwenye termosi, imeganda ngumu. Ilibidi nimwambie hiyo ameshaipoteza. Alikaa kwenye benchi dakika nyingi ameishika tu mkononi, anaizungusha. Kwa hiyo ukinunua, uliza frigo ina jenereta au haina, angalia tarehe, beba kwenye baridi lakini chupa isiguse barafu, weka hata gazeti katikati, na anza kuweka pesa mapema, tangu mwezi wa nne, si siku ya uchungu.

Halafu mwambie mzalishaji kabla hujapanda kitanda: damu ya kitovu msitupe. Wakishakata kitovu, kwenye upande wa plasenta kuna damu ya mtoto ya bure, mililita chache kwenye chupa ya labo, tunapima grupu bila kumtoboa mtoto. Wakiitupa na plasenta tunarudi kutafuta damu kwenye kisigino kidogo kama kidole gumba. Na ukizaa Ijumaa usiku hesabu masaa yako mwenyewe, ju labo nyingi Jumapili zimefungwa, na Jumatatu mchana ukija kujibiwa yamebaki masaa machache tu. Kama grupu ya mtoto haijulikani na masaa yanaisha, choma tu, haimdhuru mama.

Yote haya nayajua vizuri kuliko kitabu ju yalipita kwetu. Dada yangu alizaa mtoto wa kwanza kwenye sentre moja, siitaji, mimi nilikuwa bado masomoni. Grupu ilipimwa, karatasi ya jibu ikapotea, hakuna aliyenakili kwenye fishi. Alikaa pale siku tatu, si ya matibabu, walimshikilia mpaka fakitire ilipwe, yani masaa 72 kamili alikuwa kitandani kwao na hakuna aliyemchoma kitu. Mtoto wa pili alizaliwa asubuhi, jioni mama yetu akamfunua akasema "huyu mutoto iko rangi ya mafuta ya mawese". Siku sita chini ya taa ya bluu, macho yamefungwa kitambaa, umeme ukienda tunakimbilia mtu wa jenereta tukiwa na pesa mkononi. Alipona, leo anabishana na kila mtu. Mimba ya tatu ilikuwa ya kupimwa Coombs kila mwezi na ekografi, ile picha ya tumbo, ya kuangalia mbio za damu kwenye ubongo wa mtoto, ju damu ikiwa nyepesi inakimbia haraka, na dada yangu alilala vibaya miezi tisa yote.

Turudi kwa yule mama wa Kadutu. Nilimtuma mama mkwe akalipe kwenye kesi, pale wanapopokea pesa, iko chini, foleni ndefu, nilijua. Mlango ulipofungwa nikauliza mara ya pili, pole pole. Akaangalia viatu vyake. "Iko moja ilitokaka. Bagira, mbele ya ndoa. Miezi ine." Walikuchoma sindano? "Banichome nini, nilienda bila mutu kujua." Halafu akauliza: "Ile nayo inahesabika?"

Inahesabika. Nikatoa damu, nikaweka Coombs kwenye joto, tukangoja. Wakati huo nikachukua biki nyekundu nikaandika neno zima kwenye fishi yake, NEGATIFU, herufi kubwa, juu ya kale kamstari. Nilipotoa chupa kwenye mashine na kuiinamisha kwenye mwanga, zile chembe zilishuka laini, hakuna hata kipande kimoja kilichokatika. Hakuna askari. Wiki mbili za kutafuta pesa alikuwa nazo bado.

Mama mkwe akaingia na risiti mkononi, anahema kwa ngazi. "Wamesema nini?"

Negatifu, nikamwambia.

"Mungu asifiwe," akasema, na safari hii tuliitika wote wawili.